Universal Credit ya Uingereza, riviu ya mbeba boksi baada ya miaka minne: nyota 3 kati ya 5

Watu wanaandika riviu za simu, za friji, za chipsi mayai za Sinza, ila sijawahi kuona mtu kaandika riviu ya hela ya serikali, yaani hii Universal Credit ambayo serikali ya Uingereza inawalipa kila mwezi watu wa kipato kidogo, na kwangu mimi hicho ndo kitu nakitumia kila mwezi kuliko hata hilo friji. Kwa hiyo leo acha niandike, mtanisamehe kama ni ndefu, nimetoka shifti na chai bado ya moto.

Kwa wasionijua, mi ni mama wa watoto wawili, naishi mji wa Reading hapa Uingereza, nalea mwenyewe, na kazi yangu ni kwenye nyumba ya wazee, ile kazi ambayo ukiwa Tanga ndugu wanasema "yupo kwenye mambo ya afya" na huku wenyewe tunaiita kea tu. Nina makaratasi ya kudumu, yaani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, hilo nalisema mapema maana huko mbele litakuwa na maana. Mwaka 2021 mwezi wa nane nikabaki peke yangu na watoto, mshahara ukawa hautoshi hata nifanyeje, nikaomba Universal Credit, watu wa huku wanafupisha wanasema UC. Tangu hapo tuko pamoja mimi na yeye kama mke mwenza.

Swali naloulizwa kila mara, kuanzia dada yangu mpaka vijana wanaotafuta namna ya kuja, ni hili: hivi kama serikali inakujazia mshahara, si bora ukae zako nyumbani ulale? Na wengine wanauliza upande wa pili, kwamba ukikomaa na kazi si wanakukata, sasa unajitesa kwa faida ya nani? Mi nilikuwa najibu kwa hisia hisia tu, siku nimechoka nasema haina maana, siku mshahara umeingia nasema Mungu mkubwa. Mwezi wa tisa 2025 ndo nikakaa mezani jikoni na kalamu nikapiga hesabu sawasawa, na riviu yote hii imetokana na ile karatasi.

Kwanza mzigo wenyewe ulivyo. UC ilianza April 2013 kwenye mji mmoja unaitwa Ashton-under-Lyne, kule karibu na Manchester, waziri alikuwa Iain Duncan Smith, wakachukua misaada sita tofauti wakaitia kwenye sufuria moja, ya wasio na kazi, ya wagonjwa, ya pango, ya watoto, ya wenye mishahara midogo. Neno lao kubwa lilikuwa kwamba kazi lazima ilipe, yaani mtu asije akakaa akapiga hesabu akaona bora asiende kazini. Kabla ya hapo kulikuwa na ule mpango wa Gordon Brown, waziri wa fedha wa kipindi hicho, wa 2003, mama anayelea mwenyewe alitakiwa afanye angalau saa 16 kwa wiki ndo apate nyongeza ya mfanyakazi, saa 15 hupati kitu, saa 16 unapata, kwa hiyo niliowakuta huku wananisimulia kulikuwa na wamama kibao waliojipanga kwenye saa 16 kamili kama wanajeshi, hawapandi hawashuki. Ule mpango umezimwa kabisa April 2025. UC haina huo ukuta wa saa 16, hata ukifanya saa tano inahesabika, na hapo kusema kweli waliutengeneza vizuri, nyota ya kwanza wachukue.

Inavyofanya kazi ni hivi. Wanajumlisha unachostahili kwa mwezi, yaani hela yako wewe, hela ya watoto, na hela ya pango. Alafu wanaangalia mshahara uliokufikia mkononi. Kama una mtoto, au kama afya yako inakubana kufanya kazi, kuna kiasi cha kwanza hawakigusi, mwaka wa fedha wa 2025/26 kilikuwa pauni 411 kwa mwezi kama wanakusaidia pango, au 684 kama hawakusaidii. Kila pauni inayozidi hapo wanakunyofoa peni 55 kwenye UC. Kijana usiye na mtoto na mwenye afya yako huna hiyo 411, wewe unanyofolewa kuanzia pauni ya kwanza, walifuta April 2016, kwa hiyo usisome hesabu zangu ukadhani ni zako.

Sasa karatasi yangu. Nafanya saa 30 kwa wiki, kwa kima cha chini, ambacho kuanzia April 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na nalipwa kila baada ya wiki nne. Saa 120 zinatoa kama 1,465, toa kodi na bima ya taifa zinabaki kama 1,325 mkononi, pensheni nimeiweka pembeni ili hesabu isomeke. Upande wa UC kabla ya kukatwa: 400.14 yangu mimi, 339 ya mkubwa kwa sababu kazaliwa kabla ya April 2017, 292.81 ya mdogo, jumla 1,031.95, pango tuliache maana lipo pande zote mbili za hesabu. Kwenye ile 1,325 natoa 411 inabaki 914, hiyo ndo wanaipiga peni 55, wanakata kama 503. Kwa hiyo nabaki na UC ya 529 na mshahara wa 1,325, jumla 1,854. Ningekaa nyumbani ningekuwa na 1,032. Tofauti ni pauni 822.

Pauni 822 kwa saa 120, ukigawanya ni 6.85 kwa saa. Nikaitazama ile namba muda mrefu kidogo. Siyo 12.21 iliyoandikwa kwenye mkataba, ni nusu na kidogo. Ila 822 ni 822, ni chakula cha nyumba nzima na umeme na sare za shule na hela ya kumtumia mama yangu Tanga inabaki, na kukaa nyumbani kwenyewe huku siyo kukaa, unaitwa na yule mtu wa ofisi ya kazi anayekusimamia, wanamwita kochi, kama vile mnaenda kucheza na Simba, unaonyesha umetafuta kazi wapi na wapi, mkono wako mmoja upo kwenye simu muda wote. Mshahara ukipita kiwango fulani, 2025/26 kilikuwa 952 kwa mwezi kabla ya kodi kwa mtu mmoja, mambo ya kochi yanapungua sana. Hiyo amani nayo ina bei yake japo sikuiandika kwenye karatasi.

Kwa hiyo wale wanaosema bora ulale nyumbani, hapana. Kazi inalipa. Tatizo langu linaanza pale nikitaka kuongeza.

Mwezi huo huo wa tisa meneja kabandika rota ukutani pembeni ya birika la chai, kuna Jumamosi mbili hazina mtu. Shifti ya saa moja asubuhi mpaka saa moja usiku, ila unalipwa saa 11 maana saa ya mapumziko hailipwi. Nikajiandikisha moja haraka haraka kabla mtu hajaiwahi. Narudi nyumbani napiga hesabu, nikatamani nirudi nikalifute jina. Saa 11 mara 12.21 ni 134.31. Kodi peni 20 kwa kila pauni, bima ya taifa peni 8, zinabaki 96.70. Alafu UC nayo inachukua peni 55 kwenye kila pauni iliyobaki, wameondoka na 53 na ushee. Kilichobaki kwangu ni 43.51. Yaani kila pauni moja niliyoihenyea, iliyolala kwangu ni peni 32. Siyo mwisho. Jumamosi shule imefungwa, kwa hiyo binti wa jirani kakaa na watoto, nikampa 25 na hiyo UC hainirudishii kwa sababu siyo sehemu ya malezi iliyosajiliwa. Nauli kwenda na kurudi. Nimebaki na kama pauni 13 kwa siku nzima ya kugeuza wazee kitandani, kubadilisha mashuka na kuogesha watu wanaokupiga teke bila kujua wanampiga nani. Pauni 13, tena jioni nimeingia ndani nimechoka nikaagiza piza badala ya kupika, hesabu ikafungwa hapo hapo.

Tuna dada mmoja wa Kenya kazini, alikuja na ile viza ya wafanyakazi wa kea. Yeye ndo anazoa Jumamosi zote. Siku moja ananiuliza kabisa kwa mshangao, "Dada, si unaona pesa iko hapo ukutani, mbona unaiacha tu hivyo?" Nikamwambia siiachi dada, inaniacha yenyewe. Hakuelewa mpaka nikamchorea nyuma ya karatasi ya usafi. Yeye kadi yake imeandikwa haruhusiwi fedha za umma, kwa hiyo hana UC, kwa hiyo hakuna wa kumnyofoa, kwenye ile ile shifti yeye anatoka na 96.70 na mimi natoka na 43.51, tumevaa gloves za boksi moja. Alicheka akasema basi kumbe yeye ndo tajiri. Alafu akanyamaza, maana wote tunajua mwezi wa tatu alipopunguziwa masaa alikuwa anakula mkate na chai, hakuwa na pa kukimbilia, na mimi mwezi ule ule nilipunguziwa na UC ikapanda yenyewe kufidia sehemu, sikumpigia mtu simu hata mmoja. Nikisema malalamiko yangu mbele yake naona aibu kidogo, ila hesabu ni hesabu.

Tena hapo niwe wazi kwa ndugu zangu wenye viza za namna hiyo, au wenza wenu wana viza hiyo: msiombe UC kwa kusikia fulani kaomba kapata. Unaweza kujiharibia makaratasi kwa hela ya miezi miwili. Nenda Citizens Advice, ni bure, wanakaa na wewe wanakuangalizia.

Kitu kingine, hesabu ya UC haimjui mama yangu. Wanakata kwenye mshahara wangu kama vile yote naila mimi na watoto. Ile pauni 60 inayoenda Tanga kila mwezi, dawa za presha, ada ya mpwa, bati la choo lililoezuliwa na upepo, hakuna kisanduku cha kuijaza kwenye fomu. Sisemi wangeiweka, Mwingereza hawezi kuelewa, nasema tu kwamba sisi tukipiga hesabu ya "inalipa au hailipi" tunapiga na watu ambao hawapo kwenye nyumba. Mimi zile pauni 13 za Jumamosi ukizigeuza madafu bado ni hela kwa mtu fulani, na ndo maana kuna Jumamosi naenda hata nikijua.

Sifa sasa, nisije nikaonekana nalalamika tu. Nasari. Mdogo wangu wakati anaenda nasari, bili ya mwezi ilikuwa inazidi pango, sitanii, na UC inarudisha asilimia 85 ya gharama ya malezi kama sehemu imesajiliwa, kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa mpaka pauni 1,031.88 kwa mtoto mmoja au 1,768.94 kwa wawili na zaidi. Mwanzoni ilikuwa unalipa kwanza wewe ndo unarudishiwa, sasa mtu anayeanza kazi hela ya kutanguliza anaitoa wapi, tangu katikati ya 2023 wakabadilisha, ukianza kazi au ukiongeza masaa unaweza kuomba wakupe kabla. Bila hiyo 85 mi nisingetoka mlangoni, ningekuwa nyumbani mpaka leo nimesahau hata kuvaa viatu vya kazini. Sasa hivi wote wako shule, natumia ile klabu ya baada ya masomo, nayo inaingia humo humo. Nyota ya pili hiyo, tena ni nyota nono.

Kuanza ndo kugumu. Wiki tano. Unaomba leo, hela ya kwanza inaingia baada ya wiki tano, na kama huna akiba wanakupa ya kutanguliza ambayo ni mkopo, hauna riba lakini wanaukata kila mwezi, siku hizi mpaka miezi 24. Mi niliichukua, nikawa nakatwa huku nakula. Tena nilianza wakati wa ajabu, mwezi wa nane 2021 kulikuwa bado kuna ile nyongeza ya korona ya pauni 20 kwa wiki, mwezi wa kumi wakaiondoa, nikalia. Mwezi wa kumi na moja Rishi Sunak, kipindi hicho waziri wa fedha, akashusha makato kutoka peni 63 mpaka 55. Kwa waliokuwa na kazi ikasaidia, kwa wasio na kazi 20 ikaenda jumla. Kuna rafiki yangu hakuwa na kazi kwa sababu ya mgongo, tulikuwa tunaongea siku hiyo kwenye simu, mi nafurahia yeye kanyamaza, nikajiona mjinga.

Sasa hii ya kulipwa kila wiki nne, sikilizeni vizuri kama mnafanya kazi za kea au za ghala, maana iliniumiza. UC inahesabu kwa mwezi wao, wangu unaanza tarehe 4 unaishia tarehe 3. Mwajiri wangu analipa kila Ijumaa ya nne, ambayo kwa mwaka ni mara 13. Mwaka una miezi 12. Kwa hiyo lazima mwezi mmoja mishahara miwili iangukie ndani. Kwangu iliangukia tarehe 6 Desemba 2024 na tarehe 3 Januari 2025, yote miwili ndani ya mwezi mmoja wa UC, na mwajiri sijasikia akimwambia mtu yeyote pale kazini, mwajiri mwenyewe nadhani hata haimhusu. Mfumo ukaona nimelipwa mara mbili, ukadhani nimekuwa bosi. UC ikashuka kwa kama pauni 690 kwa mpigo. Mwezi wa kwanza, baada ya Krismasi, gesi imewashwa kutwa, na hela ya pango ndo ilikuwa humo.

Kimahesabu haijapotea, ukikaa chini ukapiga ya mwaka mzima inakaribiana, maana ile miezi mingine UC inaona mshahara wa wiki nne tu badala ya mwezi kamili. Lakini mwenye nyumba hapokei hesabu ya mwaka. Na kuna watu UC yao ni ndogo, ikishuka inagota sifuri, hao wanapoteza kweli. Wanaolipwa kila mwezi walipigana mahakamani, wamama wanne, June 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema mpangilio ule hauna mantiki, Novemba hiyo hiyo kanuni ikarekebishwa, kwa hiyo ukilipwa kwa mwezi na mshahara ukawahi kuingia kabla ya Krismasi unaweza kuomba waupeleke kwenye mwezi wake. Sisi wa wiki nne haituhusu, tuandike akilini tu. Chukua kalenda, zungushia siku za mshahara, alafu pigia mstari mwezi wao, utaona yenyewe panapogongana.

Kuna jambo jingine linanikera na hapa siongelei hela yangu. Nani hasa anasaidiwa? Mwajiri ananilipa kima cha chini, hakitoshi, serikali inajazia, mimi naenda kazini na mwajiri anapata mtu. Kuna siku nilipelekwa kufanya shifti Newbury, hapa hapa Berkshire, kuna sehemu pale inaitwa Speenhamland. Nikaja kujua kwamba hiyo ndo sehemu ambapo mwaka 1795 mahakimu wa Berkshire walikaa kwenye nyumba ya wageni inaitwa Pelican, bei ya mkate imepaa kwa vita na Ufaransa na mavuno mabaya, wakatengeneza jedwali: mkate ukiwa bei hii, mwanaume mwenye mke na watoto kadhaa anatakiwa apate kiasi hiki, mshahara usipofika parokia, ndo serikali ya mtaa ya enzi hizo, inajazia. Yaani UC na farasi! Mwaka 1834 wakaja kubadilisha sheria, wakasema mpango ule umewafanya wakulima wenye mashamba washushe mishahara na vibarua wawe wavivu, wakawapeleka maskini kwenye nyumba za kazi ambazo zilikuwa kama jela. Wanahistoria wa baadaye wakaja wakasema ushahidi wa ripoti waliyoitumia kubadilisha sheria ulikuwa na mashimo. Lakini ubishi ni ule ule, miaka zaidi ya 200 na wamehama kutoka kwenye mkate wamekuja kwenye peni 55.

Mi ninavyoona tofauti kubwa ya leo ni kima cha chini. Kilianza April 1999, pauni 3.60, na mwaka huo huo ndo Brown akaleta mpango wake wa kwanza wa kujazia familia zinazofanya kazi, kabla ya ule wa 2003. Mwajiri hawezi kushuka chini ya hicho kima hata kama UC ingenilipa kasri. Ila hana sababu ya kupanda pia. Meneja wetu ni mtu mzuri sina neno naye, ila nilipomwomba aniongeze kidogo kwa sababu sasa nafundisha wapya na nagawa dawa, alikubali peni 40 kwa saa. Nikafurahi, nikarudi nyumbani, peni 40 kwa mkono wangu ni peni 13. Shifti nzima haitoshi kununua maziwa galoni moja. Kesho yake wapya wakaniuliza maswali nikawajibu kwa peni 13. Ile nyongeza nimeiacha nje ya hesabu za juu, ilikuja baadaye.

Shemeji yangu yuko Houston, Marekani, naye ana watoto wawili, anafanya ghala. Kwao nyongeza inapita kwenye kodi, mara moja kwa mwaka, ipo tangu 1975. Kwa mwaka wa kodi 2024 mwenye watoto wawili alikuwa anaweza kupata mpaka dola 6,960. Kinachonifurahisha ni mwanzo wake: mwenye watoto wawili, ukianza kufanya kazi, kila dola unayoingiza wanakuongezea senti 40 mpaka ufike kilele, yaani ukifanya zaidi unapata zaidi, wala hawakunyofoi, baadaye sana ndo wanaanza kushusha, senti 21 kwa dola. Usipofanya kazi hupati hata senti. Yeye anaisubiri kama mvua ya masika, kisheria haitoki kabla ya katikati ya Februari, ikija analipa madeni ya miezi kumi na mbili, ananunua matairi. Miezi mingine anakopa. Na mtu aliyemjazia fomu akamkata dola 400 wakati kuna watu wa kujitolea wanajaza bure. Nikamuuliza tubadilishane? Akasema yeye angependa hela ya kila mwezi, mi nikasema ningependa hela isiyonikata Jumamosi. Hatukubadilishana.

Haya, kwa mwenye watoto watatu, ile sheria ya kulipwa watoto wawili tu iliyoanza April 2017, kwenye bajeti ya Novemba 2025 Rachel Reeves, waziri wa fedha wa kipindi hicho, alitangaza inaondoka April 2026. Mimi hainihusu ila najua nyumba tatu hapa mtaani zilizopiga vigelegele. Hela ya pango kwa wapangaji wa watu binafsi, mpaka mwisho wa 2025 viwango vyake vilikuwa havijasogea tangu April 2024, wakati mwenye nyumba wangu kashasogea mara mbili, hapo nakata nusu nyota, na hizo wiki tano nakata nusu nyingine.

Nyota tatu basi. Mbili nilishazitaja, ya tatu ni kwa sababu ule mwezi wa kupunguziwa masaa ilikuja yenyewe. Nyota ya mwisho nzima imeliwa na ile peni 32. Wangeshusha makato hata yafike 45 kwa watu wa Jumamosi kama mimi ningewapa nne bila kuuliza.

Safari hii nimeshajiandaa na mishahara miwili, tarehe 5 Desemba 2025 na tarehe 2 Januari 2026, imeangukia tena pale pale. Tangu Oktoba naweka pauni 50 kila wiki kwenye akaunti ambayo kadi yake nimempa rafiki yangu anitunzie ili nisiiguse. Jumamosi ya tarehe 20 nimekataa. Krismasi nimekubali, wanalipa mara mbili, saa 11 zinatoka 268 na ushee, kwangu zinalala 87, watoto siku hiyo wako kwa baba yao kwa hiyo simlipi mtu. Basi la kunipeleka kazini halipo siku hiyo, dada wa Kenya kasema atanipitia na gari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitoke na chapati zake.